Jina na Ndege: Maisha na Kazi ya Mabel Osgood Wright (1859–1934)

I. Kusudi la makala

Makala haya yakusudia kueleza maisha na kazi ya Mabel Osgood Wright, mwanamke wa Marekani aliyeandika juu ya ndege na bustani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na miaka ya kwanza ya karne ya 20. Msomaji wa jarida hili aweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, habari za mwanamke huyo zinaingiaje katika uchunguzi wa lugha. Jibu ni kwamba kazi yake, ikipimwa kwa mizani ya mwanaisimu, ilikuwa kwanza kazi ya majina. Aliwakuta watu wengi wa nchi yake wakitazama viumbe mbalimbali na kuwaita wote kwa neno moja, "ndege". Akajitahidi kuwawezesha kumwita kila mmoja kwa jina lake. Sheria ya kuwahifadhi ndege hao ilipokuja, iliwakuta watu waliokwisha jifunza ni nani anayehifadhiwa.

Hoja yetu ni hii: jina laweza kumlinda kiumbe, na jina laweza pia kumhukumu. Mambo yote mawili yaonekana dhahiri katika maisha ya mwandishi huyu, na yote mawili yafaa kufikiriwa na wale ambao kazi yao ni kukusanya maneno na kuyatia katika kamusi.

II. Malezi yake

Alizaliwa mjini New York tarehe 26 Januari 1859. Baba yake, Samuel Osgood, alikuwa kasisi na mtu wa vitabu. Wakati wa baridi jamaa hao walikaa mjini. Wakati wa joto walihamia Fairfield, mji wa pwani katika jimbo la Connecticut, ambako walikuwa na nyumba kubwa yenye bustani, miti ya matunda na vichaka. Nyumba hiyo, iliyojulikana kwa jina la Mosswood, ndiyo iliyokuwa shule yake ya kweli. Shule ya wasichana aliyopelekwa mjini ilimpa adabu na lugha. Bustani ya Fairfield ilimpa mambo ya kusema kwa lugha hiyo.

Katika ujana wake alitamani kusomea udaktari, lakini baba yake hakuridhia. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida kwa mabinti wa tabaka lake katika zama zile: milango ya vyuo ilikuwa imeanza kufunguliwa, bali milango ya nyumbani bado ilikuwa imefungwa. Baba alifariki mwaka 1880, na mwaka 1884 Mabel aliolewa na James Osborne Wright, Mwingereza aliyefanya biashara ya vitabu adimu. Walikaa Uingereza kwa muda, kisha wakarudi Marekani, na Fairfield ikawa makao yao.

Mwaka 1893 gazeti la New York Evening Post lilichapisha insha yake juu ya siku ya kwanza ya Mei katika nchi ya New England. Mwaka uliofuata insha zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho The Friendship of Nature, yaani "Urafiki wa Maumbile". Kitabu hicho ni cha mtu atazamaye majira yakipita bustanini. Kingeweza kusomwa na kusahauliwa, kama vilivyosahauliwa vingi vya namna yake, lau mwandishi asingaliuliza swali lililofuata: msomaji aliyependezwa na wimbo wa ndege, atamjuaje aliyeimba?

III. Elimu ya ndege kabla yake

Ili tufahamu uzito wa swali hilo, yafaa tutazame hali ya elimu ya ndege katika Marekani ya wakati ule. Mwaka 1872 Elliott Coues, aliyekuwa daktari wa jeshi na bingwa mkubwa wa elimu hiyo, alitoa kitabu chake mashuhuri cha kuwatambulia ndege wa Amerika ya Kaskazini. Kilikuwa na ufunguo, yaani mfululizo wa maswali yamwongozayo mtu hatua kwa hatua mpaka alifikie jina. Lakini maswali yenyewe yalihusu mambo kama umbo la mdomo, magamba ya mguu, na hesabu ya manyoya makubwa ya bawa. Hakuna awezaye kuhesabu manyoya ya ndege aliye juu ya mti. Kwa hiyo aliyetaka jina alipaswa kwanza kuwa na bunduki. Elimu ya majina ilikuwa mali ya wawindaji na wenye makumbusho, na bei yake ilikuwa maisha ya yule aliyetafutiwa jina.

Kwa upande mwingine, biashara ya manyoya ilikuwa imeenea. Kofia za wanawake zilipambwa kwa manyoya, mabawa, na hata ndege wazima waliokaushwa. Mwaka 1886 Frank Chapman alitembea katika mitaa ya New York akahesabu kofia 700; kati ya hizo 542 zilikuwa na manyoya, naye akatambua humo ndege wa aina 40. Yangeyange waliuawa kwa wingi mno, kwa sababu manyoya yao mazuri zaidi humea wakati wa kuzaa. Mama akiuawa, makinda hufa kiotani. Hapana shaka wengi wa waliovaa kofia zile hawakuwa watu wakatili. Walivaa "manyoya", kama mtu avaavyo utepe. Lugha yao haikuwaonyesha kiumbe nyuma ya pambo.

Jambo la tatu ni mvurugo wa majina. Walowezi wa Kiingereza walipofika Amerika walimwona ndege mwenye kifua chekundu, wakamwita kwa jina la ndege mdogo wa kwao mwenye kifua chekundu, ingawa wawili hao si ndege wa namna moja. Kigong'ota mmoja apendaye kula siichimbi na sisimizi ardhini alikuwa na majina ya kienyeji zaidi ya mia, kila wilaya na lake. Chama cha wataalamu wa ndege wa Amerika, kilichoundwa mwaka 1883, kilitoa orodha ya majina sanifu mwaka 1886. Wasomaji wanaojua kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili watatambua mara moja shughuli ya namna hiyo, pamoja na faida na hasara zake. Orodha ilikuwapo, lakini orodha ya wataalamu si lugha ya watu mpaka apatikane mtu wa kuitia midomoni mwao.

IV. Birdcraft

Mtu huyo alikuwa Wright, ingawa hakuwa peke yake. Florence Merriam alikuwa amemtangulia kwa kitabu cha mwaka 1889 kilichowafundisha wasomaji kutazama ndege kwa darubini ndogo ya kuchukuliwa mkononi. Wright alitoa kitabu chake Birdcraft mwaka 1895. Jina hilo laweza kufasiriwa "Ustadi wa Ndege", na ndani yake mlikuwa na habari za ndege 200: waimbao, wawindwao, na wa majini.

Ufundi wa kitabu hicho ulikuwa katika mpango wake. Ufunguo wake uliwapanga ndege kwa rangi zionekanazo kwa mbali, pasipo kuhitaji kumshika ndege mkononi. Kisha kwa kila mmoja alitoa maelezo kwa utaratibu mmoja usiobadilika: urefu, sura ya dume na jike, wimbo, majira aonekanayo, mahali azaliapo, kiota na mayai, na eneo la nchi akaapo. Jina la Kilatini liliwekwa pamoja na jina la kawaida. Baada ya utaratibu huo yalifuata maelezo marefu kidogo ya mwenendo wa ndege, kama alivyouona mwandishi mwenyewe.

Mwanaisimu atatambua kuwa huu ni muundo wa kidahizo cha kamusi. Kichwa cha neno kipo; sifa za kukitofautisha na vingine zipo; mazingira ya matumizi yapo. Tofauti kubwa kati ya Coues na Wright ni chaguo la sifa. Coues alichagua zile zimfaazo mpimaji. Wright alichagua zile azipatazo mtu aliyesimama bustanini kwa jicho na sikio. Alipobadilisha sifa alibadilisha pia nani aruhusiwe kujua. Mwalimu wa shule, mtoto na mwanamke mwenye kazi za nyumbani waliweza sasa kulifikia jina pasipo kumwaga damu. Kitabu kilichapishwa tena na tena. Chapa ya mwaka 1897 ilipambwa kwa picha za Louis Agassiz Fuertes, mchoraji kijana aliyekuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa ndege nchini humo.

Mwaka 1901 chama cha wataalamu wa ndege kilimpandisha daraja Wright, pamoja na Florence Merriam Bailey na Olive Thorne Miller. Waandishi hao watatu walikuwa wanawake, na wote walikuwa wameandika kwa ajili ya watu wa kawaida.

V. Ndege kuwa raia

Mwaka 1897 alitoka kitabu kingine cha ajabu, Citizen Bird, yaani "Raia Ndege". Waandishi wake walikuwa wawili: Wright, na yule yule Elliott Coues wa ufunguo na bunduki. Ni hadithi ya mtaalamu wa ndege aliyewafundisha watoto shambani kwake, naye akiwaeleza kuwa ndege ni raia wa nchi, wana kazi, na kwa hiyo wana haki.

Neno "raia" si pambo tu hapa. Limebeba hoja nzima. Ndege walipangwa kwa vyama vya kazi kama mafundi wa mjini: waokotaji wa ardhini, wategaji wa mitini, wafagiaji wa anga, walinzi wenye hekima, wapiganaji wa magugu na wapanzi wa mbegu. Mbayuwayu hufagia anga kwa kula wadudu. Bundi na mwewe hulinda shamba kwa kula panya. Hivyo mtoto asiyependezwa na nyimbo aliweza kumheshimu ndege kwa kazi yake.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu iliambatana na kazi ya siasa. Mwaka 1896 wanawake wa Massachusetts walikuwa wameunda chama cha kupinga biashara ya manyoya, wakakiita kwa jina la Audubon, mchoraji wa ndege. Mwaka 1898 Wright alikuwa mwanzilishi na rais wa chama kama hicho katika Connecticut, naye alishika urais huo kwa zaidi ya miaka 20. Jarida la Bird-Lore lilipoanzishwa na Frank Chapman mwaka 1899, Wright alikuwa mhariri wa sehemu ya habari za vyama hivyo. Sheria zilifuata moja baada ya moja. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilizuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama na ndege waliouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1913 manyoya ya ndege wa porini yalikatazwa kuingizwa kutoka ng'ambo. Na sheria ya mwaka 1918 iliwalinda ndege wahamao, kwa kufuata mkataba wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada. Sheria hizo zilikuwa kazi ya watu wengi. Hata hivyo, sheria imkatazayo mtu kumpiga ndege fulani humtaka kwanza amtambue, na utambuzi huo ndio Wright aliokuwa akiugawa tangu 1895.

VI. Bustani, na mwandishi asiye na jina

Sasa na tutazame jambo lililo kinyume. Mwanamke huyu aliyewapa wengine majina alipoandika juu ya bustani alilificha jina lake mwenyewe. Mwaka 1901 ilitoka The Garden of a Commuter's Wife. Kiswahili hakina neno moja kwa mume wa hadithi hiyo: ni mtu akaaye nje ya mji, ambaye kila siku hupanda garimoshi asubuhi kwenda kazini mjini, na jioni hurudi. Mke wake hubaki na bustani. Jina la mwandishi halikuwekwa juu ya kitabu; na vitabu vilivyofuata, kikiwamo The Garden, You, and I cha mwaka 1906, vilitolewa kwa jina la "Barbara", ambalo ni jina la msimulizi mwenyewe.

Vitabu hivyo ni mchanganyiko wa hadithi, barua na mashauri ya kilimo: wakati wa kupanda, udongo wa kufaa waridi, mpaka wa maua, mti wa kivuli. Kwa nini basi ajifiche? Twaweza kuona kuwa katika elimu ya ndege jina lilikuwa dhamana, mtaalamu huulizwa, "Nani asema?" Katika bustani palihitajika kitu kingine, yaani sauti ya jirani asemaye na jirani juu ya ua. "Barbara" hakuwa na daraja katika chama chochote, na kwa hiyo msomaji alimsikiliza kama ndugu. Ni suala la mtindo wa lugha kwa mahali pake: mtu mmoja alikuwa na rejista mbili, na kwa kila moja alikuwa na jina.

Hata hivyo bustani na ndege havikutengana. Kwa Wright bustani haikuwa uzuri wa macho tu. Kichaka chenye matunda madogo kilikuwa ghala la ndege wakati wa baridi. Beseni la maji lilikuwa kisima chao. Pembe isiyofyekwa ilikuwa makao. Mawazo hayo yalikuja kupata umbo katika kazi yake kubwa ya mwisho.

VII. Hifadhi ya Birdcraft, na upande wa pili wa jina

Mwaka 1914 chama cha Connecticut kilifungua hifadhi ya ndege mjini Fairfield, katika ardhi ya takriban eka 10 iliyotolewa na Annie Burr Jennings. Iliitwa Birdcraft, kwa jina la kitabu. Palipandwa miti na vichaka vya matunda, pakawekwa maji, pakajengwa nyumba ya mlinzi na makumbusho madogo kwa ajili ya watoto wa shule. Na pande zote ukawekwa ua wa kuzuia paka. Ilikuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za watu binafsi nchini Marekani zilizowekwa kwa ajili ya ndege waimbao.

Lakini ndani ya ua huo paliendeshwa pia vita. Paka waliuawa, shomoro waliuawa, kwezi wa Ulaya waliuawa, na hata ndege wawindaji waliodhaniwa kuwa hatari kwa waimbaji waliuawa. Hao wa mwisho ni ndugu zao wale waliopewa cheo cha "walinzi wenye hekima" katika Citizen Bird. Hapa ndipo tuonapo kuwa neno "raia" lilikuwa na ncha mbili. Penye raia pana asiye raia. Penye raia mwema pana raia mbaya.

Shomoro alikuwa ameletwa Brooklyn kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1850, na watu wenyewe ndio waliomleta. Alizaana, akaenea, akawafukuza ndege wa nchi katika matundu yao. Madhara hayo ni ya kweli na yamethibitika. Wamarekani walimwita "shomoro Mwingereza", ingawa ndege huyo hukaa katika sehemu kubwa ya Ulaya na Asia. Na katika maandishi ya Wright, kama katika maandishi ya wengi wa zama zake, alisemwa kwa maneno ya mahakama, kama mhalifu na raia mbaya. Miaka hiyo hiyo meli zilikuwa zikiwaleta New York mamia ya maelfu ya wahamiaji kutoka Ulaya ya kusini na mashariki, na watu wa tabaka la Wright waliwatazama wageni hao kwa wasiwasi. Waitalia hasa walishutumiwa kwa kuwinda ndege waimbao. Msamiati wa kumsema ndege mgeni na msamiati wa kumsema mtu mgeni ulikaribiana hata ikawa vigumu kujua upi umeazimwa na upi. Asomaye vitabu hivyo leo hana budi kuliona jambo hilo, wala si haki kulificha kwa sababu tu mwandishi alifanya mema mengine.

Mume wa Wright alifariki mwaka 1920. Yeye aliendelea kuandika. Mwaka 1926 alitoa kumbukumbu zake za mji wa utoto wake, My New York. Alifariki Fairfield tarehe 16 Julai 1934. Mwaka huo huo Roger Tory Peterson alitoa kitabu chake cha kuwatambulia ndege kwa alama zionekanazo kwa mbali, kikaenea kuliko vyote vilivyotangulia. Njia ilikuwa imekwisha fyekwa. Hifadhi ya Birdcraft ilipungua ilipojengwa barabara kuu katika miaka ya 1950, na mwaka 1993 ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria pa taifa.

VIII. Funzo kwa wachunguzi wa lugha

Tumalize kwa kutaja mambo mawili yatuhusuyo.

La kwanza ni la kidahizo. Afunguaye kamusi zetu kutafuta jina la ndege mara nyingi hukuta maneno haya tu: "aina ya ndege". Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayamtofautishi chozi na mnana, wala hayamwambii msomaji kama shomoro wa mahali pamoja ndiye jurawa wa mahali pengine. Maneno yapo, wenye kuyajua ni wavuvi, wakulima, wachungaji na watoto wenye kutega. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuuliza. Utaratibu wa Birdcraft, yaani urefu, rangi ya dume na jike, sauti, majira, kiota na mahali, unaweza kuchukuliwa na mkusanyaji yeyote mwenye daftari na subira, na jina la Kilatini likaongezwa na mtaalamu baadaye. Usilolijua ni usiku wa giza. Na lugha yaweza kuwa na taa nyingi ambazo hazijawashwa katika kitabu.

La pili ni la hadhari. Sisi pia tuna majina yahukumuyo. Bundi, ambaye Citizen Bird ilimweka katika walinzi wenye hekima, kwetu huitwa ndege wa uchuro, na wengi wameuawa kwa sifa hiyo ilhali hula panya wa mashamba yetu. Kunguru wa India, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, amekuwa msiba kwa ndege wadogo wa pwani, kama shomoro alivyokuwa huko Amerika. Nasi twamtambulisha kwa nchi alikotoka. Kusema madhara ya ndege ni wajibu wa elimu. Kuyageuza madhara hayo kuwa tabia ya taifa ni jambo jingine, na mtunga kamusi aandikapo maana ya neno yampasa kujua ni lipi kati ya hayo mawili alitendalo.

Mabel Osgood Wright hakuwa mwanaisimu, wala hakujidai kuwa. Lakini alielewa kuwa watu hawawezi kumlinda wasiyeweza kumtaja, akatumia karibu miaka 40 kuwapa maneno hayo. Kamusi ya ndege wa Kiswahili itakayoandikwa kwa uangalifu kama wake, na kwa haki zaidi yake, bado yangoja waandishi.